Nyungu Ndogo ya Nyuma ya Nyumba

Kingi, tarehe 9 desembre 1956

Mudogo wangu Daphrose,

Kaa chini mbele ya kusoma, juu niko na habari mingi na karatasi yenye katekista alinipa iko kubwa. Hapa tuko wazima. Bwana yangu Makuza iko muzima, ng'ombe ziko nzima, ile ya pembe ya kuvunjika ilizaa tena dume, Makuza hakufurahi. Mvua inanyesha mpaka viazi zinaoza mu udongo. Muzee Ndagijimana alikufa mwezi iliyopita. Unamukumbuka, njo ule alikuja kwa baba na pombe ya asali kuniomba, baba akakunywa pombe yote kisha akamukatalia. Tulimulilia vizuri. Bibi yake Mukasine anakula sasa chakula bila chumvi, kama bajane bote ba kilima yetu, mpaka siku ya kumaliza kilio. Padri anasema ile ni mambo ya kipagani, lakini padri haishi na bale bamama ba muzee, sisi njo tunaishi nabo.

Sasa sikia ya kucheka. Kichwa ilikuwa inaniuma tangu mavuno ya maharagi, hapa nyuma, karibu na shingo. Nikasema ni kapu. Nikaacha kubeba kapu, kichwa ikauma tu. Nikaenda ku dispanseri ya misioni. Masera Joséphine-Marie akanifunga kitambaa ku mukono, akakamata kampira kadogo, akapompa, akapompa, mukono ikakaza kama banakamata mwizi. Akaangalia saa yake ya mushale, akapompa tena. Nikamuuliza kama amepoteza nini mu mukono yangu. Hakucheka. Akasema damu yangu inapanda. Kifaransa banaitaka tansiyo.

Daphrose, ule masera alinikataza dunia. Chumvi, hapana. Nyama ya mafuta, hapana. Samaki ya chumvi, makayabu, ata harufu. Pombe ya ndizi, ile kasiksi yetu, kopo moja ndogo na iwe siku ya fête. Asubui nitembee na miguu bila kusimama ku malango ya bantu, kisha chakula ya muchana nilale kidogo, na nisikasirike. Nikamuambia, masera, tuko desembre, Noël iko hapa, Bonne Année iko hapa. Akasema anajua, njo maana anasema leo. Mbele ya fête bantu banaahidi, kisha fête bananiletea bo mu kipoyo, babebwa ku mabega, njo vile alisema. Nirudie kwake kisha Bonne Année, ataangalia tena.

Kutembea bila kusimama ku malango, ile njo karibu inilize.

Sijaambia muntu, ata Makuza. Nasikia haya. Unajua ginsi banasemaka kwetu, mwanamuke mwenye damu mingi ni ule alikula chakula ya batoto. Na mimi tena! Mimi njo mukono ya chumvi ya Kingi yote. Ndoa, ubatizo, Noël, hakuna nyungu kubwa inatiwa chumvi mpaka Thacienne afike. Namwanga mu kiganja, nalamba, natia, nachota muchuzi, nalamba tena, nasema basi, na bote banajua basi ni basi. Sasa niende kusema chumvi inaniua? Batacheka mpaka kule Sake.

Kwa hiyo nimepata akili. Niko na kanyungu kadogo nyuma ya nyumba, pembeni ya kibanda ya ndama. Napika mule maharagi yangu na majani ya lengalenga bila chumvi, nakula nikichuchumaa kama mwizi. Ku meza na Makuza nagusa tu kidogo, nasema nilisha kushiba. Iko chakula mubaya sana, mudogo wangu. Ng'ombe za Makuza zinapewa chumvi kila juma, mimi bibi yake hapana.

Makayabu ya Noël utume tu kama kila mwaka, Makuza atauliza. Na bwana yako, muramu wangu Kanamugire, mbona haandike tena salamu chini ya barua zako? Ile mwandiko ya kapita mwenye kusimamia bantu ku machimbo, herufi zinasimama kama basoda mu mustari. Tangu mwezi wa nane sijaiona. Umuambie nimeuliza, lakini ya damu usimuambie, atanicheka.

Ni mimi dada mukubwa, yaya yako,
Thacienne


Walikale, tarehe 15 desembre 1956

Yaya Thacienne,

Barua yako imefika na kamyo ya Védaste. Niliisoma, nikairudilia.

Sikiliza masera. Fanya ile yote alisema, usipunguze. Mu kanyungu yako tia kitunguu mingi na tomati, kisha ukamue ndimu juu ya chakula kama inapoa kidogo. Ulimi inadanganyika, inafikiri chumvi iko. Pilipili pia iko muzuri. Mafuta ya mawese kidogo. Papai kama unapata. Mbele ya kulala kunywa maji ya moto, si kasiksi. Nimesikia hivi hapa kwa munganga ya camp ya machimbo.

Makayabu hakuna mwaka huu. Unisamehe kwa Makuza.

Kanamugire iko mu kazi ya mbali, mu pori, ku machimbo mupya. Njo maana haandike. Anakusalimia.

Yaya, mukono ya chumvi umuachie muntu mwingine hizi siku. Nakuomba.

Daphrose


Kingi, tarehe 26 desembre 1956

Mudogo wangu,

Ndimu na kitunguu, kweli ilisaidia. Nakushukuru. Lakini barua yako ilikuwa mufupi kama asante ya muchungaji anapewa maziwa ya bure. Na makayabu hakuna! Nilimuambia Makuza, nikaambia na bale bengine, kama Kanamugire amekuwa muchoyo tangu alipandishwa kapita mukubwa, anaenda mu pori anakula makayabu peke yake. Tulicheka sana. Usimuambie.

Sasa mambo imeharibika. Nakueleza polepole, na usinicheke, juu mimi mwenyewe sicheki tena.

Mbele ya Noël, Athanasie, dada ya Makuza, alikuja kuomba moto. Hakunikuta mu jiko. Akazunguka nyuma, akakuta kanyungu kangu juu ya mafiga matatu ya mawe madogo. Athanasie ni muntu ya kuacha kintu kimefunikwa? Akafunua, akatia kidole, akalamba. Mimi nikafika na lengalenga mu mukono. Akaniangalia. Akalamba kidole tena kwa kuhakikisha. Kisha akasema, «Haina chumvi.» Nikasema haina. Akangoja nieleze. Daphrose, mimi Thacienne, mwenye kusemaka mpaka mu kanisa, nikainama, nikachambua lengalenga. Akakamata moto yake akaenda.

Siku ya dimanche niko nafika ku misa, bamama banakaa kimya. Ile kimya mi naijua. Nimeipikaka mwenyewe mara mingi juu ya bengine, najua inapikwa na nini. Mama moja akanishika mukono, akasema, «Mama Thacienne, pole ya muzee Ndagijimana.» Nikamushukuru. Nilifikiri ananisalimia tu, sisi bote tulikuwa ku kilio. Mu njia ya kurudi, ku kile kilima ya mwisho, njo nikasimama. Pole ya nini? Mujane ni Mukasine.

Banasema niko nakula kilio ya Ndagijimana. Mafichoni, mu kanyungu, bila chumvi, kama bibi yake ya pili. Banasema ile pombe ya asali baba alikunywa haikuisha vile. Kuko mwenye kusema mutoto yangu ya tatu iko na masikio ya Ndagijimana. Muntu amekufa, masikio yake inatembea mu kijiji! Mukasine hanisalimie tena. Alipita karibu yangu ku chemichemi na mutungi yake, akageuza uso, na mimi nikageuza yangu kama vile nilikosa kweli.

Na Makuza alisikia, ku kasiksi, kwa banaume benzake. Hakunipiga, hakuniuliza. Angeuliza, ningejibu. Anasema na ng'ombe. Niko nakaa pale, ananipita, anaambia ile ya pembe ya kuvunjika, «Wewe njo nakujua tangu uzaliwe.» Ng'ombe ananiangalia. Sijui niende wapi na uso yangu.

Siku ya Noël baliniita tu ku nyungu, kama kila mwaka. Lakini bote balikuwa bananiangalia kinywa. Nilijua banangoja nini. Nikamwanga chumvi mu kiganja, nikalamba yote, mbele yabo. Nikaenda ku nyungu ingine, nikalamba tena. Nyama nilikula, ya mafuta, na muchuzi nikakunywa mu kikombe. Bakaanza kuangaliana, bengine bakanicheka vizuri, nikafurahi. Kisha jua ilikuwa ingali juu, nikaona vinyota vidogo mbele ya macho, kama nzi za moto muchana. Kichwa ikapiga ngoma. Nikashika uzio ya lupango, nikasema nimekanyaga mavi ya ng'ombe, nikachokora kisigino na kijiti mpaka dunia ikasimama. Hakuna mwenye alijua.

Sasa Athanasie anasema ile ya Noël ilikuwa ya kudanganya, kama siku moja muntu anaweza kuvunja kilio juu ya Yesu. Basi. Bonne Année fête iko kwake, kilima yote itakuja, na Makuza atakuwa pale. Nimeamua. Kanyungu nimekavunja. Siku ile nitakula chumvi mpaka bachoke kuniangalia, nitalamba kiganja mbele ya Makuza, na kasiksi nitakunywa, na makayabu kama Athanasie iko nayo. Mambo ya Ndagijimana itakufa pale pale. Kisha nitarudilia masera na chakula yake ya ndimu. Siku moja haiue muntu.

Yaya yako mwenye haya,
Thacienne


Walikale, tarehe 29 desembre 1956

Yaya,

Nimempa Védaste hii barua mu mukono, nimemuomba asilale mu njia. Kama imekukuta mbele ya Bonne Année, Mungu asifiwe. Isome peke yako, mbali ya bantu.

Umeandika siku moja haiue muntu. Kanamugire naye alisema vile. Ni maneno yake yenyewe, alisema hapa mu mulango yangu, akiwa anafunga vifungo ya shati ya fête.

Haiko mu pori. Nilikudanganya. Iko hapa ndani, ninaandika ananiangalia. Siku ya fête ya Assomption, mwezi wa nane, alianguka. Mukono ya kuume imekufa na muguu ya kuume inavutika. Kinywa ilienda upande, sasa imerudi kidogo. Anasema maneno, lakini taratibu, na kama ni mbele ya bageni hasemi.

Munganga ya camp alimufunga kile kitambaa tangu Pasaka. Alimuambia ile ile masera alikuambia, chumvi, mafuta, pombe, kutembea, kulala. Alishika miezi kidogo, alikuwa anafanya muzuri, alikuwa amepungua tumbo. Lakini kapita anakulaka na bantu yake siku ya fête. Aliogopa batasema kapita amekuwa mugonjwa, bamutoe ku kazi, ao bamucheke juu anakula kama mujane. Kwa hiyo aliniambia, Daphrose, leo pika kama zamani. Nilikuwa na makayabu. Unajua inatakiwa kulowekwa usiku muzima, chumvi itoke. Akasema isilowekwe sana, bageni batasema tunapika ya bagonjwa. Nikaitoa mu maji mbele ya wakati. Ni mukono yangu, yaya. Akakula mbele ya bote, akacheka, akakunywa, akaomba ingine. Alikuwa anasimama kwa kusema asante kwa bageni, akatafuta meza na mukono, hakuipata.

Bale bageni ba kumucheka, bale alikuwa anaogopa, hakuna mumoja amerudi kumuangalia kisha mwezi moja.

Sikukuandikia juu nilisikia haya ya ile mukono yangu. Na kuko sababu ingine, nitaisema kama ilivyo. Sikukuandikia juu ya kinywa yako. Ningekuambia muchana, magaribi Kingi yote ingejua, na kisha Masisi, na bafanyakazi benzake bangesikia kwa Védaste kama kapita iko anapanguswa mate na bibi. Kanamugire aliniapisha. Alisema, kila muntu lakini si Thacienne. Leo nimevunja ile kiapo yake, sijamuambia.

Bantu ba Kingi baseme Ndagijimana. Baseme hata Ndagijimana alikuzalia batoto bote. Haya ya bantu inaisha, kesho banapata ingine. Hii ya kwangu naiogesha kila asubui.

Usile ile chumvi.

Na hii habari iishie kwako.

Daphrose


Kingi, tarehe 3 janvier 1957

Daphrose,

Védaste alifika siku ya mwaka yenyewe, asubui, kamyo imejaa matope mpaka ku dirisha. Akaniita nje, hakutaka kumupa mutoto barua. Niliisoma mu shamba ya viazi. Nikaisoma tena. Kisha nikakaa mu matope na nguo yangu ya fête.

Mambo ya makayabu niliyasema ku malango yote, Daphrose. Muchoyo, muchoyo, nilisema, na nikamuiga ginsi anatembea kama kapita mukubwa, bantu bakacheka mpaka kuanguka. Na yeye alikuwa ndani na muguu ya kuvutika. Sitaomba musamaha yake, sijui nianze wapi. Na ile ya kinywa yangu, uliandika kweli. Nilitafuta pa kukasirika, sikupata.

Nikatembea mpaka kwa Athanasie polepole. Njia yote sikujua nitafanya nini. Kama nasema ni ugonjwa, haya. Kama sisemi, Ndagijimana. Kama nakula, Kanamugire.

Kilima yote ilikuwa pale. Banaume upande ya kasiksi, Makuza kati yabo, mugongo yake inaniangalia mimi. Nyungu tatu kubwa juu ya moto. Athanasie alikuwa anangoja. Akaniletea chumvi yeye mwenyewe, mu kibakuli, na mikono mbili, kama vile banamuletea padri maji. Akasema kwa sauti, bote basikie, «Mukono ya chumvi imefika. Onja, muramu.» Bamama bakaacha kumenya ndizi. Mukasine alikuwa pale, pembeni, na kitambaa yake ya kilio.

Nikakamata chumvi mu kiganja. Nikaiangalia. Iko kintu muzuri, chumvi, Daphrose, inaangaza. Kisha nikairudisha mu kibakuli, nikapangusa mikono ku nguo. Nikasema:

«Aonje mwingine. Damu yangu inapanda. Masera amenikataza chumvi, na mafuta, na kasiksi. Kile kanyungu ni dawa yangu, si kilio ya muntu. Nilificha juu ya haya.»

Unajua nimesema mu maisha yangu habari ya kila muntu ya hii kilima. Ya kwangu ilikuwa ya kwanza, na ilikuwa mufupi sana.

Kisha ikaja kama nilivyojua. Moja akasema njo maana ya ile tumbo. Moja akauliza kama damu inatoka wapi, nakula nini kupita bengine. Bakacheka, na mimi masikio ikawaka. Athanasie haikumutosha. Akasema masera banatishaka bantu bure, yeye hajaona muntu ameanguka juu ya chumvi, nimutajie mumoja.

Daphrose. Nimutajie mumoja! Habari ile ilikuwa hapa ku meno, ya moto kama kiazi. Meza, mukono, kinywa kwenda upande, shati ya fête. Ningeisema, hakuna mwenye angecheka tena. Athanasie angefunga kinywa mpaka Pasaka. Sijapataka habari kama ile tangu nizaliwe, na nilikuwa na bantu bote mbele yangu, na nilikuwa nahitaji. Nikaimeza. Ilishuka mubaya. Nikasema tu, «Masera amesema, inatosha.»

Njo pale Makuza akasimama. Nikafikiri anaenda. Akakuja mpaka ku moto, akaangalia nyungu, akaniuliza mbele ya bote kama kanyungu iko wapi. Nikasema nilikavunja. Akasema, «Juma mbili nimemuchukia marehemu bure.» Banaume bakacheka, na ye akacheka, kidogo. Akamuambia Athanasie atoe maharagi ya bila chumvi mu kisahani mbele ya kutia chumvi mu nyungu. Athanasie akatoa, afanye nini, ni kaka yake. Makuza akakaa na mimi chini, akakula. Nikamukamulia ndimu. Akatafuna, akatafuna, akasema kama hii njo dawa, ugonjwa iko na haki ya kukimbia.

Mukasine alikuja nyuma ya bote. Akaleta sahani yake naye, ya bila chumvi, akakaa pembeni yangu. Tulikula batatu. Chumvi ya bantu ilitiwa na Athanasie, na nakuambia wewe peke yako, aliizidisha.

Lakini haya haijaisha. Sasa nikipita banasema damu inapita. Batoto banaiga ginsi masera anapompa. Natembea asubui mpaka ku chemichemi na kurudi, Makuza ananisindikiza na fimbo yake, na sisimami ku malango, juu nani atanifungulia bila kucheka? Nalala kisha chakula kama bibi ya muzungu. Jana nilirudia ku misioni. Masera alipompa, akaangalia, akapompa tena, akasema imeshuka kidogo. Si sana, kidogo. Akaniuliza kama nilikula nini ku fête. Nikamuambia Noël nilidanganya, Bonne Année hapana.

Kitu moja inanisumbua. Kanyamibwa, ule wa ng'ombe mingi, alinifuata mu njia, akajifanya anatafuta ndama. Akauliza na sauti ya chini kama ile kichwa yangu ilikuwa inauma upande gani. Kumbe ye pia. Shingo, vinyota, yote. Nikamuambia aende kwa masera. Akasema hapana, ni ugonjwa ya banamuke, mwanaume hawezi kufungwa kitambaa mbele ya bantu na kula kama mujane, na mwezi kesho iko na ndoa ya mutoto, kutakuwa nyama. Nilikuwa na neno moja tu la kumushika. Wewe unajua ni gani. Nikaacha aende na ndama yake ya uongo.

Nimeshika ile ulisema. Hakuna mwenye anajua. Ata Makuza.

Umupanguse uso kwa ajili yangu, usimuambie ni mimi.

Thacienne


Walikale, tarehe 14 janvier 1957

Yaya Thacienne,

Nilingoja Védaste. Nilimuuliza Kingi banasema nini juu yetu. Nilimuuliza mara nyingi, ginsi wewe unaulizaka. Akasema banasema Kanamugire ni muchoyo wa makayabu, basi. Hakuna ingine. Nikaingia ndani nikalia.

Kisha nikamuambia Kanamugire yote. Kama nilivunja kiapo, kama nilikuandikia, na ginsi ulikaa na kibakuli mbele ya Athanasie. Alikasirika, akageuka ku ukuta. Kesho yake akaomba nimusomee barua yako. Pale ya Makuza na ndimu alicheka, kinywa ilienda upande, hakuifunika na mukono. Pale ya Kanyamibwa akasema nirudilie. Nikarudilia. Akaomba nirudilie tena.

Leo asubui alitembea mpaka ku barabara na kurudi, bantu bakiwa nje. Ni mara ya kwanza. Kisha akasema nimupe kalamu. Nilitaka kumushikia karatasi, akakataa, akaweka jiwe juu yake. Kuandika ilimukamata tangu asubui mpaka sasa magaribi. Sijasahihisha.

Daphrose


Muramu Thacienne

mukono ni ya kushoto
makayabu nilikula kweli
muambie Kanyamibwa
muambie na jina yangu

Kanamugire